Mwaka Niliofundishwa Kujiamini

Hemi alipofariki mwezi uliopita, binti yake alitupigia simu mimi na Baraka akatuomba jambo moja tu: baba yake asiachwe peke yake mpaka ndege itakapomchukua kumrudisha kwao New Zealand. Kwa Wamaori maiti haachwi akalala pweke. Watu wake hukaa kandoni mwa jeneza, wakazungumza naye, wakamtania, na kama aliwaudhi wakamgombeza palepale, maana hiyo ndiyo nafasi ya mwisho. Mwenye nyumba ya mazishi pale Barking, Mwingereza mpole mwenye tai nyeusi, hakuwahi kuombwa kitu kama hicho maishani mwake, lakini alitupa chumba kidogo chenye zulia la kijani, akatuwekea viti na birika la chai. Sisi si ndugu zake wa damu. Mimi ni Mtaita wa Wundanyi, Baraka ni Mkongo wa Bukavu, naye Hemi alizaliwa huko ambako sisi tukilala wao ndio wanaamka. Lakini London humpa mtu ndugu zake bila kumuuliza. Nilikaa zamu yangu mchana kutwa, nikamwambia mzee yote niliyokuwa nayo moyoni, na mengi yalihusu mwaka mmoja tu.

Habari za ukoo wangu na jinsi nilivyofika Uingereza naziacha. Hazitaongeza ladha hapa. Itoshe kusema kwamba mwaka huo nilikuwa binti wa miaka ishirini na ushei, nalala kwenye kochi la mama mdogo katika magorofa ya halmashauri huko Tottenham, na sina kazi. Sikuwa peke yangu. Ukipita barabara kuu asubuhi, saa ambayo watu wenye kazi wameshaingia kazini, uliwakuta vijana wa rangi yangu wameegemea madirisha ya maduka kana kwamba wamewekwa pale kuyashikilia yasianguke. Kila mmoja alikuwa ameshaelezwa kwa nini hana kazi. Asiyesoma aliambiwa hakusoma, aliyesoma aliambiwa hana uzoefu, na mwenye uzoefu aliambiwa uzoefu wa Afrika hauhesabiki. Magazeti yalituita tatizo, na penye tatizo hawakosi kujitokeza watu wa suluhisho. Ofisi ya kazi ikanituma kwenye kozi ya kujiandaa na ajira, na usipokwenda posho yako ya wasio na kazi inakatwa. Nikaenda.

Kozi ilikuwa juu ya lililowahi kuwa duka la mazulia, na harufu ya zulia jipya haikuwahi kuliacha jengo lile. Ghorofa ya juu palikuwa na darasa letu, ofisi, na jiko dogo lililotenganishwa na ofisi kwa ukuta wa mbao nyembamba. Chini kabisa, ardhini, palikuwa na karakana ya mabomba. Kuta za darasa zilijaa picha za watu wenye meno meupe walioruka hewani kwa furaha, na chini ya kila picha neno la kututia moyo. Mwenye shirika lililoendesha kozi alikuwa Madam Lydia, mwanamke wa Nakuru, mrefu, mwenye sauti ya kuamuru, aliyesafisha maofisi ya watu miaka mingi kabla ya kusoma na kufika alipofika. Hakuwa mtu mbaya, na nitamgombeza mtu yeyote atakayesema hivyo. Alitufundisha kuandika wasifu, kuchagua viatu, kutaja udhaifu wetu kwa namna itakayoufanya uonekane nguvu. "Confidence, my dears," alikuwa akisema. "Wazungu wananunua confidence. Hata kama huna kitu ndani, beba hiyo." Tuliandika hivyo kwenye madaftari, na kozi yenyewe sote tukaiita ya kujiamini.

Hemi ndiye aliyekuwa mwalimu wa mabomba. Alikuwa Mmaori wa makamo, mnene, mwenye mikono mizito na macho ya mtu anayekaribia kucheka. Siku yetu ya kwanza alipanda ngazi akiwa na beseni la mikate ya kukaanga, mandazi kabisa isipokuwa hayana iliki wala sukari, akasema katika darasa lake hakuna anayefundishwa akiwa na njaa. Kisha akakataa kusikia majina yetu. Alitaka kwanza kila mtu ataje mlima wa kwao na mto wa kwao, kwa sababu kwa Wamaori jina huja mwisho, mtu akishajua umesimama wapi. Baraka, kijana mwembamba aliyekaa karibu nami, alinong'ona kwa Kiswahili, "Dada, huyu muzee anauliza mulima ya nini? Anataka tupande?" Nilicheka hadi nikatazamwa. Lakini zamu yake ilipofika alisimama, akataja mlima Kahuzi, akataja mto Ruzizi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu afike nchi hii kuulizwa swali juu ya kwao na mtu asiyetaka kuhakikisha kama anadanganya. Mimi nilitaja Vuria, na kwa mto nikataja Voi, ingawa kwa kweli hukauka nusu ya mwaka. Hemi akasema mto uliokauka bado ni mto.

Kozi ya Madam Lydia ilikuwa ya wiki chache. Nilipoimaliza bila kupata kazi aliniambia nibaki nijitolee, nipokee simu na kupika chai, ili angalau niwe na la kuandika. Ndiyo maana niliona na kusikia mengi. Mchana nilikuwa nikishuka karakana kula nao, kwa sababu Hemi alipika sufuria moja kwa wote: mifupa ya nguruwe, viazi, majani fulani ya mtoni aliyoyatafuta sokoni kwa bidii, na madonge ya unga. Baraka alisema ingekuwa sombe, kisamvu cha kwao, ingekuwa chakula. Mimi nilikula bila maoni, maana mkono mtupu haulambwi na mimi nilikuwa mtupu kweli. Wanafunzi wa mabomba walikuwa wachache, Baraka mmoja wao, na kozi yao ilikuwa ya mwaka mzima. Walikata shaba, wakaipinda, wakaichoma kwa tochi ya gesi, wakaunganisha mabomba ukutani, wakafungua maji, yakivuja wakaanza upya. Kulikuwa na kelele na moto na matusi ya lugha tatu. Nikirudi juu kwenye picha za watu wanaoruka, nilihisi nimetoka kazini na kuingia hospitali.

Hapo karakana ndipo nilipoisikia hadithi ya kwao. Hemi hakuisimulia kwa mpangilio, aliitoa vipande vipande huku akichoma bomba. Shuleni mwalimu mzungu alimtoa darasa la hesabu akampeleka la ufundi wa mbao, kwa kuwa watoto wa Kimaori, alisema, wana mikono mizuri. Alipokwenda kuomba useremala akaulizwa cheti cha hesabu. Basi akaingia kiwanda cha kuchinja kondoo, walikokuwa baba yake na wajomba zake, na mji wao wote ukala kwa kiwanda kile. Siku kiwanda kilipofungwa, wanaume walirudi nyumbani na visu vyao vimefungwa kwenye matambara, na hawakuvitumia tena. "Kisha wakatuletea kozi," alisema. "Kozi ya kuandika barua. Kozi ya kupanga matumizi ya fedha ambazo hatuna. Kozi ya kujiamini. Ungefika kwetu miaka ile ungekuta mji mzima unajiamini, na hakuna mwenye kazi." Kila serikali ilikuja na jina jipya la suluhisho. Waheshimiwa wakabishana bungeni kama Wamaori wasaidiwe kwa sababu ni Wamaori au kwa sababu ni maskini. Wazee wao wenyewe wakagombania nani asimamie kozi, ukoo huu au ule, na katika ugomvi huo ajira yenyewe haikutajwa tena. Yeye alipata bahati ya kufundishwa mabomba na shemeji yake, akaja London. "Ufundi ni kitu kimoja tu walichosahau kuninyima," alisema, na tukacheka, ingawa yeye hakuwa anachekesha.

Aliyekuwa na haja zaidi na ufundi huo ni Baraka. Miaka yote aliyosubiri ukimbizi wake ukubaliwe alikatazwa kufanya kazi yoyote. Alikuwa mtu mzima anayepewa vocha ya kununulia sabuni. Mwaka huo ndio aliruhusiwa. Na alikuwa amepata mtu wa kumchukua, jambo ambalo wengi wetu tulikuwa tukilisikia tu. Fundi Suleiman, Mzanzibari mwenye gari la mabomba, alikuwa akihudumia mikahawa ya Waarabu kule Edgware Road na kazi zilimzidi. Alifika karakana siku moja, akamtazama Baraka akifanya kazi, akapitisha kidole kwenye maungio. "Kijana ana mkono huyu, mashaallah," alimwambia Hemi kupitia kwangu. Kisha akamgeukia Baraka mwenyewe: "Mwanangu, mimi nakutaka hata kesho. Lakini bila cheti bima hawanikubalii. Maliza, uje. Nafasi yako n'takuwekea mpaka kiangazi." Baraka alikwenda kwenye sinki akanawa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Baadaye aliniambia, "Dada, miye nilikuwa nasikia kama naota. Muntu ananitaka. Hapana kunionea huruma, ananitaka." Kilichobaki kilikuwa kumaliza kozi, na kozi ilikuwa imebakiza miezi kadhaa tu.

Niliisikia habari ya kufungwa karakana nikiwa jikoni, nimeshika birika. Upande wa pili wa ukuta wa mbao, ofisa wa halmashauri iliyolipia kozi zetu alikuwa akimweleza Madam Lydia kwa upole kwamba mradi utaangaliwa upya, na kwamba mafunzo ya mabomba yanagharimu sana kwa watu wachache mno. Madam alijitahidi. Nilimsikia akisema kwamba mabomba ndiyo yanayowapa vijana kazi. Ofisa akasema anaelewa, lakini vigezo vinahesabu waliomaliza kozi, si walioajiriwa, na kozi ya wiki chache inamalizisha watu wengi zaidi. Kisha nikasikia sauti ya Madam imebadilika, sauti ya mtu anayehesabu kichwani mishahara ya wafanyakazi wake, akiuliza kama kozi ya kujiamini itabaki. Itabaki, ofisa akasema, huenda hata ikapanuliwa. Alipotoka, Madam aliingia jikoni akanikuta. "Umeskia," alisema. "Wakesho, usiniangalie hivyo. Nikikataa, wanafunga yote. Nikikubali, wanafunga basement peke yake. Wewe ungefanya nini?" Nilimmiminia chai, na swali lile bado ninalo hata leo, nikiwa na umri wake wa wakati ule. Ila alituahidi jambo moja: kabla ya uamuzi kungekuwa na mkutano, na vijana wangepewa nafasi ya kusema.

Hemi aliuchukua mkutano ule kwa uzito ambao hakuna mwingine aliyeukusudia. Alituita sote karakana, wa mabomba na wa juu, akatufundisha namna watu wa kwao wanavyosema neno zito mbele ya wageni. Mtu mmoja husimama akasema. Akimaliza, watu wake husimama nyuma yake wakaimba. Wimbo ule si burudani. Ni watu kusema kwamba maneno haya si ya huyu peke yake, ni yetu, na neno lisiloimbiwa ni neno la mtu asiye na watu. Na yule aliyeambiwa naye lazima asimame ajibu. Ndipo chakula huletwa, kwa sababu kula ndiko kunakofunga shauri. Watu wakishakula, shauri limekwisha. "Kwa hiyo msile," alisema, "mpaka mjibiwe." Tuliuliza tuimbe nini, hatujui Kimaori. Akasema hata hao wageni hawatakijua, tuimbe tunachokijua. Tukachagua wimbo wa kwaya ambao mimi naujua kwa Kiswahili cha pwani na Baraka kwa cha Kongo, na wavulana wa Kijamaika wa darasa la mabomba wakajifunza sauti ya chini. Wiki nzima tuliimba kati ya mabomba. Sijawahi tena kuwa mahali ambapo watu wasio na kazi walikuwa na shughuli kiasi kile.

Mkutano ulifanyika Jumamosi mchana, darasani, chini ya wale watu wanaoruka. Alikuja diwani, wakaja maofisa, wachungaji wawili, na watu walioitwa viongozi wa jamii ambao wengi wetu hatukuwajua. Meza ya nyuma ilikuwa na sambusa, mabawa ya kuku na maji ya matunda. Walizungumza wao kwanza, na walizungumza sana: vikwazo, fursa, ushirikiano. Mchungaji mmoja na kiongozi mmoja wakavutana kidogo juu ya nani hasa anawakilisha Waafrika wa Tottenham. Tulipofikiwa watu walikuwa wameshaanza kuangalia nyuma kwenye sambusa. Baraka akasimama. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza lakini kila neno lilikuwa lake. Alisema miaka mingi alikatazwa kufanya kazi, sasa ameruhusiwa. Kuna mtu mwenye gari anamsubiri. Anahitaji miezi michache tu apate cheti. Anawaomba wasifunge karakana. Hakutaja vita wala wafu wake, ingawa Madam alikuwa amemshauri ataje. Kisha sote tukasimama nyuma yake tukaimba, na nasema bila haya kwamba tuliimba vizuri. Niliamini, kwa muda wa wimbo mmoja, kwamba hakuna binadamu angeweza kusikia vile asijibu.

Walipiga makofi. Walisimama kabisa wakapiga makofi, mmoja akapiga mluzi, mpiga picha wa halmashauri akapanda juu ya kiti. Diwani alifuta macho akasema hajawahi kuona vijana wenye nguvu kama hizi, na kwamba hiki ndicho hasa kinachoonyesha mafanikio ya mradi. Kisha Madam Lydia akatangaza chakula, na viti vikaanza kuburutwa. Hemi alibaki amesimama katikati ya chumba, mikono imening'inia, akimtazama diwani, anamsubiri ajibu. Sisi nasi tukabaki tumesimama nyuma yake, kundi zima la vijana wenye njaa, na hakuna aliyesogelea meza. Wageni walidhani tunaona haya. Wakaanza kutuletea sahani. Diwani mwenyewe, kwa wema wake wote, alikuja na sambusa mbili juu ya karatasi akampa Baraka. "Kula, kijana. Mmeimba vizuri sana." Baraka alimtazama Hemi. Hemi akamuuliza diwani, kwa heshima, kama anayo majibu. Diwani akacheka kidogo, akadhani ni utani wa Kimaori, akampiga begani, akaenda kuzungumza na mchungaji. Baraka alisimama na zile sambusa mkononi mpaka mafuta yakapenya karatasi.

Karakana ilifungwa kabla ya majira ya kuchipua. Mitungi ya gesi ikachukuliwa, mabomba ukutani yakang'olewa na kuuzwa chakavu, na picha yetu tukiimba, midomo wazi, ikatundikwa mlangoni kubwa kuliko zote. Nilisikia kupitia ukuta wa mbao Hemi na Madam Lydia wakigombana mara ya mwisho. Madam alisema, "Uliwapa wimbo wakakupigia makofi, ulitarajia nini?" Hemi akasema, "Nilitarajia adabu." Baada ya hapo aliondoka, akawa fundi wa magorofa ya watu huko Barking mpaka uzee ukamkuta. Baraka alikwenda chuo cha serikali, wakamdai vyeti vya Kiingereza na hesabu kwanza, na ofisi ya kazi nayo ikamwambia akisoma mchana atahesabiwa hatafuti kazi. Fundi Suleiman alisubiri mpaka kiangazi kama alivyosema, akasikitika, akamchukua mwingine. Mwezi uliopita, katika kile chumba cha zulia la kijani, nilimwambia Hemi kwamba alitufanya wajinga siku ile, kutusimamisha na njaa mbele ya chakula. Nilimgombeza kwelikweli, machozi yananitoka, na mwenye tai nyeusi akachungulia mlangoni akaondoka taratibu. Nikamwambia pia kwamba ni siku pekee mwaka ule niliyosimama na watu.

Kozi ya kujiamini, kama ofisa alivyosema, ilipanuliwa. Walihitaji mwalimu wa pili, na Madam Lydia aliniita ofisini akanipa mimi. "Watu wanakupenda, na unajua hawa vijana. Usilie sasa. Ni kazi." Sikulia. Nilishukuru, nikanunua viatu, nikahama kwenye kochi la mama mdogo, na anayetaka kunilaumu aje kwanza alale kwenye lile kochi. Jumatatu ya kwanza nilisimama mbele ya darasa chini ya picha zilezile, na ofisi ya kazi ilikuwa imeniletea kundi langu. Aliyekaa mbele kabisa, koti amelikunja mapajani, alikuwa Baraka. Walikuwa wamemrudisha mwanzo. Asingekuja, posho ingekatwa. Hakunilaumu wala hakunionea soni. Alisimama, akasema, "Mwalimu, habari," mbele ya wote, ili nisipate taabu ya kuamua tuitane vipi.

Somo la kwanza lilikuwa kumsalimia mwajiri. Nikawagawa wawili wawili, akabaki mmoja, akabaki yeye, ikanibidi mimi niwe mwajiri wake. Alinyoosha mkono, na nilipoushika nilihisi kovu la moto wa tochi katikati ya kiganja. Alisema jina lake kwa Kiingereza, akasema amefurahi kukutana nami. Darasa zima lilikuwa likitutazama, likisubiri kuona jambo hilo linavyofanywa. Nikamwambia, kama nilivyoajiriwa kusema, akaze mkono kidogo, anitazame machoni, na atabasamu. Akanitazama, akatabasamu.